Aliyesoma Safari ya Mawe

Marehemu, ambaye nyumbani alikuwa Dada Mkubwa na kazini Bi Garneti, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kifungua mimba wa mwashi na mshonaji.

Alimaliza sekondari mwaka 1976, na mwaka 1981 akahitimu shahada ya jiolojia. Mama alimuuliza, "Mwanangu, miaka yote hiyo unasomea mawe? Mbona baba yako anayagonga bila cheti?" Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Februari 1982 aliajiriwa katika maabara ya miamba, ghorofa ya pili, mkabala na karakana. Huko alisugua jiwe mpaka likawa jembamba likapitisha mwanga, kisha akaliweka chini ya darubini. Kipenzi chake kilikuwa garneti, punje nyekundu inayokua pete juu ya pete. Kila pete hutunza habari za joto na mgandamizo ulioukuta mwamba chini kabisa ya milima. Mwaka 1994 aliandika kwamba miamba ya safu ya milima aliyoichunguza ilizama kilomita hamsini, kisha ikapanda tena.

"Jiwe likizama huko halirudi, dada," mkuu wake alimwambia.

"Hili limerudi, mzee. Njoo uangalie."

Ilimchukua mzee miaka mitatu kuja. Aliinama kwenye darubini, akakawia, akasema, "Nisamehe."

Tarehe 12 Agosti 1986 aliolewa na dereva wa gari la utafiti, aliyempeleka mlimani kila kiangazi. Wakajaliwa binti mmoja. Mumewe alipofariki mwaka 1999, Dada hakupanda mlima tena, mawe aliletewa. Lakini aliyanusa kwanza kabla ya kuyakata, na mdogo wake, anayesoma wasifu huu, alimkuta zaidi ya mara moja akiwa ameshika jiwe, macho dirishani.

Mwaka 2021 mapafu yalianza kumsumbua. Januari mwaka huu alimwambia mdogo wake, "Nipelekeni nikauguse ule mwamba wa kule mlimani. Kupanda siwezi, nitaugusa kutoka barabarani."

"Ukipata nafuu, Dada."

Hakupata. Alifariki tarehe 3 Aprili 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Gari la kumpeleka mlimani lilikuwa limeshajazwa mafuta.

Ameacha binti, wajukuu wawili, na wadogo zake wawili, wa kike na wa kiume. Mungu ampe pumziko la amani, nasi atusamehe kwa kumwambia asubiri.