Bi Mwatum Haroub na Uso wa Bi Siti wa Konde

Bi Mwatum Haroub anastaafu tarehe 30 Aprili mwaka huu, baada ya kuitumikia redio yetu ya Chake Chake kwa miaka ishirini na mitatu. Alipoajiriwa, kituo kilikuwa chumba kimoja cha kurushia matangazo na baraza ya kungojea, na fundi mitambo alikuwa akizima feni kila taarifa ya habari inapoanza, maana ilikuwa na kelele kuliko msomaji. Mkuu wa kituo wa sasa, Bi Nahla, ameniomba niandike wasifu huu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa vipindi siku Bi Mwatum alipofika. Nimekubali kwa furaha, na pia kwa sababu nyingine nitakayoieleza kabla sijamaliza. Figo zangu zimechoka, mkono nao haukai na kalamu kwa muda mrefu. Sitarajii kuandika kitu kingine baada ya hiki.

Bi Mwatum ni mzaliwa wa kisiwa cha Fundo. Kabla ya redio alikuwa mtoa dawa katika zahanati moja ya Wete, na alitujia kuomba kazi ya kusoma matangazo ya vifo. Sauti yake ilifaa. Wafiwa walikuwa wakisema kwamba akisoma yeye, hata jina la marehemu halitamkwi kwa haraka. Lakini vijana waliomjua tangu zahanati waliendelea kumsimamisha sokoni na vituo vya gari, wasichana kwa wavulana, wakimwonyesha mashavu yao na kumuuliza wapake nini. Siku moja akaja mkutanoni na wazo la kipindi cha kuchambua krimu, sabuni na dawa za ngozi yenye chunusi.

Mkutano ulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Nilimwambia, "Bi Mwatum, watu wana bei ya karafuu na shida ya maji, wewe waniletea chunusi?"

Akanijibu bila kuinua sauti, "Mkuu, mwenye chunusi bei ya karafuu haisikii. Anasikia chunusi yake tu."

Kipindi kilianza Alhamisi baada ya Alasiri, kikaitwa Uso Wako. Hakikuwahi kuhama saa hiyo.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa burudani kwetu sote. Kila dawa aliinunua mwenyewe dukani, hakupokea zawadi ya muuzaji. Kwanza aliipaka kidogo nyuma ya sikio na kungoja siku chache. Ikiwa salama, aliihamishia usoni, lakini upande wa kulia peke yake. Upande wa kushoto ulioshwa kwa sabuni laini tu, ili apate cha kulinganisha. Kwa hiyo kulikuwa na majuma ambayo Bi Mwatum alikuwa na shavu moja linalong'aa na jingine la kawaida, au moja zima na jingine linabambuka. Katika harusi moja kule Wesha wanawake walimpokea mlangoni kwa kusema, "Mwatum, leo umetujia na uso wa zamu." Alicheka nao, akaingia, akala pilau yake.

Hewani alisoma maandishi ya nyuma ya kopo kama alivyosoma matangazo ya vifo, taratibu, jina moja moja. Alitufundisha kwamba kilichoandikwa mwanzo ndicho kilicho kingi, na cha mwisho huenda ni harufu tu. Kwake wasikilizaji wa Pemba walijifunza kwamba asidi ya salisiliki huzibua vitundu vya ngozi vilivyoziba, kwamba niasinamidi hutuliza wekundu na mafuta, na kwamba krimu ya kukinga jua si anasa ya watalii, maana doa la chunusi likipigwa jua huzidi kuwa jeusi. Mwisho wa kila uchambuzi alitoa hukumu ya neno moja. Dawa nzuri ilipewa "Paka". Yenye shaka ilipewa "Ngoja". Mbaya ilipewa "Tupa". Watoto wa skuli walikuwa wakihukumiana kwa maneno hayo barabarani.

Mafuta ya nazi yalipopewa "Ngoja", simu hazikukatika. Bibi mmoja wa Fundo alipiga na kusema, "Weye Mwatum, mafuta hayo ndiyo yaliyokulea. Leo umekuwa ntu wa redio, wayaona machafu?"

"Si machafu, bibi. Nywele napaka, miguu napaka, wali naungia. Uso wenye chunusi ndio uyangoje, maana yanauziba."

"Basi mie na uso wangu wa miaka themanini?"

"Una chunusi, bibi?"

"Sina."

"Basi wewe paka, bibi. Hukumu haikuhusu."

Kwa krimu za kung'arisha hakuwa na mzaha. Zilipoingia zile zisizotaja kilichomo, na baadhi zikabainika kuwa na zebaki, alitumia kipindi kizima kueleza kwamba zebaki haiishii kwenye ngozi, inateremka mpaka kwenye figo. Mzee Jafferali, mwenye duka la vipodozi Konde, alikuja mwenyewe kituoni akiwa amekasirika. "Bi Mwatum, ukisema Tupa, wao hawatupi. Wananirudishia mimi." Alitoka hapo baada ya kunywa chai mbili, na juma lililofuata rafu yake ilikuwa tupu. Tangu siku hiyo alimpigia simu kabla ya kuagiza mzigo.

Hapa ndipo ningependa kuendelea na mafanikio, nayo ni mengi. Lakini Bi Nahla aliponiomba wasifu huu aliniambia jambo jingine. Bi Mwatum amejaaliwa kwenda Hija mwezi ujao, na kama desturi yetu ilivyo, anazunguka kwa ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake kuomba radhi kabla ya safari. Kuna mtu mmoja ambaye hajampata. Ameomba redio itangaze, kila siku mpaka siku ya sherehe ya kumuaga, kwamba anatafutwa Bi Siti wa Konde, yeye akiwa hai, au jamaa zake, ili amwombe radhi kwa uso wake ulioungua.

Wasikilizaji wa zamani wanamkumbuka Bi Siti. Alikuwa akituandikia ujumbe wa simu karibu kila juma. Alikuwa na chunusi za tangu ujana, zilizomwachia mashimo, na alieleza kila dawa aliyojaribu kwa uangalifu ambao Bi Mwatum aliupenda. Alisema mume wake hapendi azungumze na watu kwenye simu, ndiyo maana anaandika tu. Bi Mwatum alimwita hewani "mwenzangu wa Konde".

Bi Siti hayupo na hakuwahi kuwapo. Bi Siti ni mimi, Ridha.

Skuli waliniita Fenesi kwa ajili ya uso wangu. Nikawa mwalimu, nikaenda masomoni, nikarudi, nikawa mkuu wa vipindi, na chunusi hazikujali cheo. Baada ya kukicheka kipindi mbele ya watu wote sikuweza kumwendea muhusika na kumuuliza nipake nini. Nikanunua laini nyingine ya simu. Nilikuwa nikituma ujumbe nikiwa chumba cha pili, kisha namsikia Bi Mwatum akinijibu kupitia ukuta. Majibu yake yalinisaidia. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni nilikaa mbele ya kinyozi bila kufumba macho.

Mwaka 2014 alichambua jeli ya benzoili peroksaidi, ile inayoua vijidudu vya chunusi. Aliipenda. Aliipa "Paka", na masharti akayarudia: kiasi cha punje ya choroko, kwa uso mzima, mara moja kwa siku, usichanganye na kitu chochote, na jiandae mto wako kupauka. Nilianza. Ilikuwa ikifanya kazi. Lakini wageni kutoka Unguja walikuwa waje kutupiga picha, nami nikaona choroko ni kidogo. Sisi Wapemba tumezoea kwamba jino likiuma, karafuu hulinyamazisha. Nikawaza kwamba kinachonyamazisha jino kitashindwaje na kipele. Nikachukua mafuta ya karafuu, yale makali yasiyochanganywa na kitu, nikayakoroga na ile jeli kiganjani, nikajipaka uso mzima na kwenda kulala.

Niliamka macho hayafunguki. Ngozi ilivimba, ikatoka maji, ikabambuka. Daktari alipouliza nilichopaka, alishika kichwa chake kwa mikono miwili. Alinieleza wazi kwamba kilichoniunguza ni karafuu, na kwamba jeli ilikwisha kuilegeza ngozi ili karafuu ipate njia. Kazini nilipeleka habari kwamba nina homa.

Kisha nikafanya lile ninaloliandikia leo. Nilitaka kumfunga Bi Siti asiandike tena. Nilikuwa na maumivu na hasira, na hasira ikatafuta pa kwenda. Niliandika kwamba uso umeungua kwa dawa uliyoisifu, kwamba nimelala siwezi kutoka, na kwamba sitaandika tena. Karafuu sikuitaja.

Bi Mwatum aliusoma ujumbe ule hewani kabla hajajua mwisho wake. Alipomaliza alisogeza maikrofoni kando, na fundi akaweka kaswida.

Mtu mzima wa Pemba alipaswa kujua kinachofuata. Ukitangaza ugonjwa, utakuja kutazamwa. Asubuhi yake Bi Mwatum alipanda gari kwenda Konde na wanawake wawili, na kikapu cha machungwa, uji wa unga na chupa ya maji ya waridi. Walipita nyumba kwa nyumba. Konde wakawaambia, "Siti yupi? Hapa Siti tunao wa kuuza." Waliletewa watatu, wote nyuso nzima. Mmoja, mwanamke mkongwe, alipoona kikapu alisema, "Kama ni hayo machungwa, mie naumwa." Walimwachia, na wakarudi.

Rahma, mke wangu, aliyeijua ile laini ya pili, aliponihadithia nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameketi kando ya kitanda ananipaka dawa ya daktari. "Ridha," alisema, "mtu kaja kukutazama, nawe umemfungia mlango. Nenda kamwambie." Nilimwambia nitamwambia nikipona. Alinikumbusha kila mwaka mpaka alipofariki mwaka jana.

Niliporudi kazini Bi Mwatum alikuja mezani kwangu. Alidhani mume wa Bi Siti amemficha ndani kwa aibu ya uso. "Mkuu," aliniambia, "nimemwunguza mtu ambaye hata nyumba yake siijui." Uso wangu mwenyewe ulikuwa bado na madoa, uko mbele yake. Alinipa pole ya homa. Nikamwambia Mungu atamponya.

Tangu Alhamisi hiyo Bi Mwatum hakusema tena "Paka". Wasikilizaji wengine walilalamika kwamba amekuwa mwoga, wengine wakasema amezeeka. Alichambua dawa nzuri, alieleza uzuri wake wote, kisha akasema "Ngoja". Mabinti waliongoja walichoka kungoja, wakaenda kwa wauzaji wa krimu za kuchanganya, ambao hawakuwa na shida ya kutoa hukumu. Nilizisikia simu zao baadaye, wakilia kwa uso wa kuungua kweli. Najua chanzo chake kilikuwa wapi. Nilistaafu kwa sherehe, nikapewa saa ya ukutani na Bi Mwatum akasoma wasifu wangu. Ulikuwa mzuri sana. Nilikaa nikausikiliza.

Wenzangu watanisamehe kwa kuuharibu wasifu wake kwa habari zangu. Lakini wasifu unaomwacha aondoke akiamini aliharibu uso wa mtu ungekuwa uongo, hata kama kila tarehe ndani yake ni sahihi. Nimemwomba Bi Nahla asilirushe lile tangazo, na ausome ukurasa huu kwa Bi Mwatum peke yake kabla haujapigwa chapa, ili asijisikie kuvamiwa mbele ya ukumbi. Akipenda uchapwe, uchapwe. Akikataa, ni haki yake, na wengine mtakuta hapa tarehe ya kuajiriwa na ya kustaafu tu.

Kwako Bi Mwatum. Asante kwa miaka yote uliyojipaka wewe kwanza ili sisi tusiungue. Jeli ile ilikuwa nzuri na masharti yako yalikuwa sahihi. Hakuna mwanamke wa Konde wa kumwomba radhi, wala anayekudai kitu. Mwenye kuomba ni mimi. Nipo Wete, nyumba ile ile, na siku hizi mlango haufungwi kwa sababu wanaoingia kunihudumia ni wengi. Ukipita kabla ya safari nitayasema haya mbele yako, nawe utaamua. Usipopita, uzito huu ubaki huku kwangu, wewe nenda mwepesi. Wote tuliofanya kazi nawe tunakuombea Hija yenye kukubaliwa, afya njema, na uzee wenye raha pamoja na watu wako wa Fundo.