Barua Niliyoilalia

Kwanza iandikwe ni akina nani waliopo. Yupo mwanangu wa kwanza, fundi magari, ameegemea mlango kwa sababu viti havitoshi. Yupo mkewe, kwenye kiti cha dirishani. Yupo binti yangu wa pili, mshonaji, ameketi ukingoni mwa kitanda changu na tepu ya kupimia bado iko shingoni. Yupo kitinda mimba wangu, ambaye nyumba nzima inamwita Sista ingawa hajala kiapo chochote cha utawa, amekaa sakafuni karibu na beseni. Na yupo jirani yangu, mwalimu mstaafu, anayeyaandika haya. Nimemwomba asinipambie maneno, na akisinzia mguseni bega.

Sikilizeni, wanangu, wala msinikatize, maana pumzi yangu ni ya kupima.

Nyumba hii ni yenu watatu, isiuzwe. Cherehani ya marehemu mama yenu ni ya mshonaji, hilo halina mjadala. Kiwanja cha nyuma ni cha fundi, ajenge gereji, aache kulala chini ya magari ya watu barabarani. Chumba cha uani ni cha Sista. Kisipangishwe, wala kitanda kisitolewe, hata ikipita miaka kumi hajakilalia.

Hapo ndipo penye shughuli. Najua juzi mlikaa kikao jikoni. Kuta hizi nilizijenga mwenyewe, najua zinavyovujisha maneno. Mlimwambia miaka kumi na mmoja ya kulea watoto wa watu ng'ambo imetosha, misheni itafute mwingine, sasa abaki amlee baba yake. Fundi ulimwuliza, "Kwani yatima wa huko hawana nchi yao?" Naye akakujibu bila kupandisha sauti, "Nchi wanayo, kaka. Hawana wa kuwafunga kamba za viatu." Nilicheka peke yangu mpaka nikakohoa, mkaja mbio mkidhani nimezidiwa.

Zamani nisingecheka. Alipoondoka mara ya kwanza sikumsindikiza hata hadi getini. Niliona nimenyang'anywa mtoto, nikamwandikia mlezi mkuu wa makao yale ya yatima barua ya karani hasa, kila aya na nambari yake, nikimtaka anirudishie binti yangu. Alinijibu kwa karatasi moja. Hakubishana. Aliorodhesha watoto arobaini na watatu, jina la kila mmoja na la baba yake pale lilipojulikana, na chini akaandika: "Mzee, weka alama kwa yule nitakayeanza kumwambia kwamba dada yake hayupo tena." Nilishinda na kalamu mkononi. Sikuweka alama.

Ndipo nikafunga safari kwenda kujionea. Nilimkuta binti yangu katika chumba cha kufulia, mikono imechubuka kwa sabuni, na mtoto mmoja ameshika pindo la gauni lake, hasemi wala haachii. Alifua, akaanika, akapiga pasi, mtoto yuko nyuma kama mkia. Hakumfukuza, hakumbembeleza, ila alipogeuka alifupisha hatua. Siku ya nane mtoto alitamka neno moja, "Moto." Alikuwa akimwonya kuhusu pasi. Binti yangu alimshukuru kama mtu mzima anavyomshukuru mtu mzima, akaiweka pasi pembeni, kisha akaenda nyuma ya nyumba kulia. Nimeona wakubwa wengi wakivishwa nishani, lakini kazi ya kuvishwa nishani niliiona pale.

Na niliona jambo jingine. Kila asubuhi kabla ya chai mlezi mkuu huita majina yote ya daftarini, wakubwa kwa wadogo, akianza na lake mwenyewe. Aliye hospitali na aliye safarini naye huitwa, na waliopo humwitikia kwa pamoja, "Yuko njiani." Aliyefariki huitwa mara moja ya mwisho, hakuna anayeitikia, kisha jina hupigwa mstari. Sista ana miezi mitano hapa akinigeuza kitandani. Kila asubuhi ya miezi hiyo watoto wale wamesema yuko njiani.

Sasa kosa langu. Nilifanya kazi posta miaka thelathini na minne, na barua ya mtu haikulala mezani kwangu hata siku moja. Siku kumi na tisa zilizopita ilikuja barua kutoka makao yale, kwa anwani yangu, mwandiko wa mpishi wao, akiniomba mimi kama baba nimpe binti yangu habari kwa upole. Niliisoma, nikaandika kwa penseli tarehe ya kuipokea, kwa mazoea, kisha nikaisukuma chini ya godoro. Niliogopa. Nilijua akiisoma ataondoka, nami nilitaka mkono wake ndio unifumbe macho. Mwanangu, nisamehe.

Mwalimu, hili liandike kwa herufi kubwa. Sista aondoke Jumatatu. Asingoje kufa kwangu, na nikifa akiwa safarini asirudie njiani. Mshonaji na mke wa fundi watanigeuza kwa zamu, na fundi naye atajifunza; mimi si mzito kuliko injini. Na kila mkutanapo kula, mwiteni kwa jina lake kamili, kisha mmwitikie kama watoto wale wanavyomwitikia.

Nipeni maji. Kidogo tu. Basi.

Mungu awatunzie mikono yenu, maana ndiyo mnayoishi kwayo nyote watatu. Awape kusikilizana nitakapokuwa sipo kuwaamua. Fundi, toka mlangoni, mshike mdogo wako mkono... hivyo.

Sista, inua godoro, upande wa ukutani. Mpishi anasema ndiye anayeita majina siku hizi, na sufuria zinaungua. Anauliza daftari ampe nani... Usiifungue bado. Nimeombwa nikwambie mimi.

Mlezi mkuu alifariki tarehe nne ya mwezi uliopita.