Mikono ya Jumuiya

"Pale penye mpira pametunga usaha tena," mama aliyekaa mbele yangu kwenye daladala alimwambia jirani yake, binti mwenye boksi la vifaranga. Hata stendi ya Moshi hatujaiacha. Figo zake zimekufa, kwa hiyo ana mpira tumboni, na kila siku anapitisha humo maji ya kusafisha damu, nyumbani kwake Machame.

"Si walikufundisha kunawa, mama?"

"Nanawa mpaka ngozi inachubuka. Nafunga dirisha, navaa barakoa. Halafu nimeshika mpira hivi, wanaingia watu wa jumuiya ya kanisani. Ati tushikane mikono, tuombe."

"Wakatalie."

"Niliwakatalia mara moja. Jumapili nikasikia wananisema, ati mama Godlove siku hizi anaringia ugonjwa."

Nilidhani najua vyote tunavyoringia huku kwetu: kahawa, ng'ombe, mtoto aliyeko Dar. Figo sikuwa nimezihesabu.

"Basi funga mlango."

"Mwanangu, kwetu mlango ukifungwa mchana, watu wanakuja kuuliza nani amefariki."

Binti aliinamia boksi, akawatuliza vifaranga wake.

Gari liliposimama njia panda, kina mama watatu walikuwa wanangoja, vitabu vya nyimbo kwapani. "Pole, mama Godlove! Tumekuja kukuchukua, tukakuombee!" Mikono ilishanyooshwa.

Mama Godlove alishuka polepole, mikono yake ameifunika kwa kitenge. Tulipoondoka, mikono ya wenzake ilikuwa bado imenyooshwa, na yake bado imo ndani ya kitenge.