Pipa la Bi Knappe Lafungwa Rasmi

Kwa niaba ya pua zote za Idara ya Bustani ya Bad Lerchental, tunautangazia umma kwamba pipa la kijani lililokuwa nyuma ya banda la zana limemwagwa, limesuguliwa na kufunikwa. Majirani wa Mtaa wa Kisima sasa wanaruhusiwa kufungua madirisha.

Jambo la pili ni dogo tu: mwenye pipa naye anaondoka. Roswitha Knappe, msimamizi wa bustani ya mawaridi, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Nimeombwa mimi, Detlef wa mashine za nyasi, niandike wasifu huu kwa sababu nimefanya naye kazi kwa muda mrefu kuliko wote, na kwa sababu wiki hii mashine yangu iko gereji.

Alikuja kwetu kutoka shamba la kabichi la baba yake, enzi ambazo kila Jumatatu tulivaa barakoa na kupulizia sumu hata pasipokuwa na mdudu. Roswitha alikataa barakoa, akakataa na bomba. Alisema kitu kinachomtaka mtu mzima ajifunike uso hakifai kuwekwa palipo na watoto wanaonusa maua. Tulimcheka. Miaka michache baadaye sisi ndio tuliokuwa tunamshikia ngazi atundike visanduku vya ndege kwenye miti, ili ndege hao wawalishe makinda yao viwavi wetu.

Aliifunika kabichi kwa nyavu kabla vipepeo hawajataga mayai. Alipanda vitunguu kati ya karoti, na akaacha marundo ya majani makavu pembezoni ili kalunguyeye, wale wanyama wadogo wa miiba, wapate pa kulala na konokono wapate wa kuwala. Kuna wananchi waliolalamika kwamba marundo yale ni uchafu. Roswitha aliwaalika waje kuufagia wenyewe, wamwamshe na mwenye nyumba.

Konokono ndio waliotutia aibu. Roswitha aliomba bajeti ya bia, akafukia vikombe ardhini na kuvijaza, na konokono wakatumbukia humo kwa furaha. Tatizo likawa kwamba bia iliisha haraka kuliko konokono. Aliikusanya idara nzima na kutueleza kwa upole kwamba, kwa uzoefu wake, konokono hanywi chupa nzima kisha akarudisha kifuniko. Washukiwa bado wameajiriwa, na mmoja wao ndiye anayeandika.

Lakini jina lake lilikuzwa na pipa. Humo alilowekea majani ya kuwasha kwenye maji ya mvua mpaka yakaoza yakatoa povu. Ukimuuliza yalowekwe kwa muda gani, jibu lilikuwa moja: mpaka uanze kujuta. Mchuzi ule ulirutubisha mimea na kuwasumbua wadudu, na sisi pia.

Miaka minane iliyopita, siku chache kabla ya Sikukuu ya Mawaridi, vidukari, wale wadudu wadogo wafyonza utomvu, walivamia machipukizi hadi yakaonekana kama yamevaa sufu. Bwana Brüning, aliyekuwa mkuu wetu, si mtu mbaya, ila alikuwa na meya upande mmoja na sikukuu upande wa pili. Alitaka kuagiza sumu. Na sote tulijua kwamba ikirudi kwa mawaridi, itarudi bustani zote, hata kwenye vitalu vya watoto wa shule.

"Nipe mpaka Ijumaa," Roswitha alimwambia. "Wakibaki hivi, pulizia. Lakini na funguo zangu uchukue, maana mimi sitarudi kulifunga hilo geti."

"Bi Knappe, usinitishe asubuhi asubuhi."

"Sikutishi. Nakuaga mapema."

Wiki nzima tulizunguka na mabomba mgongoni. Ijumaa machipukizi yalikuwa safi. Gazeti likampiga picha kando ya pipa, watu wakaja na chupa kutoka miji ya jirani, na sumu haijaingia tena katika bustani zetu hadi leo. Mimi mwenyewe nimewahutubia wageni kuhusu mchuzi ule kila Jumapili, tena kwa vitendo.

Tunamshukuru Roswitha kwa haya yote. Na kwa kuwa ameruhusu, sasa niseme kilichotokea hasa.

Jumatatu ile aligeuza majani, akakuta upande wa chini umejaa mabuu ya wale mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi. Ni vidude vyeusi, vibaya kama mamba waliosinyaa, na kazi yao kutwa ni kula vidukari. Kupulizia chochote, hata mchuzi, kungewafukuza. Kilichohitajika ni kuwaacha waendelee kula. Lakini nani angemwonyesha bosi mwenye meya mlangoni watu waliokaa tu? Kwa hiyo alitujazia mabomba maji matupu na kutuamuru tupulizie chini kwenye udongo, tusiguse jani. Nilibeba maji ya mfereji siku tano. Nilipoona hayanuki, nilimwambia mke wangu kwamba hatimaye pua yangu imehitimu.

Haya alitusimulia wiki iliyopita, mbele ya meya, kwenye kahawa na keki ya kumuaga. Tulicheka mpaka meza ikatikisika. Bwana Brüning, ambaye naye ni mstaafu na alikuja kama mgeni, alikuwa anakoroga kahawa yake taratibu.

"Kila ulipofungua lile pipa, mimi nilifunga dirisha," alisema. "Wiki ile dirisha langu lilikuwa wazi tangu Jumatatu. Nilikuwa nasikia harufu ya mawaridi."

Roswitha aliweka uma chini. "Ulijua? Na ukanyamaza?"

"Ulisema mpaka Ijumaa, Bi Knappe."

Roswitha alichukua kisu. Akamkatia kipande cha pili cha keki, kikubwa kuliko cha meya.

Nenda salama, Roswitha. Tunakutakia afya, kabichi nono, na vidukari wa kutosha ili wageni wako wenye madoa wasilale njaa.