Mama Kuta na Nyumba Alizozijua kwa Mwili

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa pili wa fundi cherehani, katika vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mikate. Alidai kwamba kitu cha kwanza anachokikumbuka duniani ni harufu ya mkate ikipenya ukutani alfajiri. Sisi ndugu zake tulimcheka, lakini tulimwachia kumbukumbu yake.

Baada ya sekondari alisomea usanifu majengo, akahitimu mwaka 1979. Mhadhiri mmoja alimwuliza, "Mbona ukumbi wako una giza?" Akajibu, "Ili mtu akitoka juani, macho yapumzike kwanza, mwalimu." Akapewa alama za wastani, na giza lake akabaki nalo.

Alifanya kazi manispaa, kisha akafungua ofisi yake. Aliamini kwamba jicho ni mgeni tu nyumbani. Mwenyeji ni mwili mzima. Hakukabidhi jengo kabla hajajifunga kitambaa machoni na kulizunguka peku, akishika kuta na kusikiliza mwangwi. Mafundi walinong'ona, "Bosi anacheza kombolela," wakambatiza Mama Kuta.

Tarehe 6 Agosti 1983 aliolewa na mwalimu wa hesabu, mrefu kama mlingoti. Dada akajenga nyumba yao, kila kitu kwa kipimo cha mwili wake mwenyewe. Siku ya kuhamia, shemeji yetu aligonga paji la uso mlangoni. "Mke wangu, hii umemjengea nani?" Dada alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia, maana ilikuwa kweli, alijijengea mwenyewe. Tangu hapo hakumchorea mtu nyumba kabla hajamtazama anavyoketi na anavyoinuka. Mlango ule alitaka kuuvunja, shemeji akakataa. Alisema ameshazoea kuinama.

Mwaka 2019 kisukari kilimletea ganzi, miguuni kwanza, halafu vidoleni. Maumivu aliyavumilia, ganzi ilimvunja moyo. Alitaka jambo moja tu, kuihisi nyumba yake tena kabla hajaondoka. Hospitali alikolazwa ilimruhusu tarehe 2 Juni 2023. Tukamkalisha sebuleni, akakanyaga sakafu, akatikisa kichwa.

"Sihisi kitu. Mmenileta kwa watu."

Shemeji, ambaye miaka yote hakuvua soksi, akazivua. Akatembea polepole mbele yake.

"Hapa baridi, mama. Hapa dirishani jua limeacha joto. Hapa panakwaruza kidogo."

"Hapo fundi aliharakisha," dada akasema, amefumba macho. "Endelea. Geukia kushoto."

Wakaizunguka nyumba nzima hivyo, mmoja akitembea, mwingine ameketi. Mwishoni dada akavuta pumzi ndefu, akasema, "Haya. Nimefika."

Alifariki usingizini, asubuhi ya tarehe 11 Juni.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, sisi ndugu zake, na watu wengi wanaolala vizuri katika nyumba zao bila kujua ni kwa nini. Udongo umpokee taratibu, na amani iwe makao yake.