Mama Kutu na Vyuma Vyake vya Juu ya Paa

Marehemu mama yetu, ambaye majirani walimwita Mama Kutu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961. Baba yake alikuwa mpaka rangi wa matangi ya maji, na ile rangi ya njano ya kuzuia kutu ndiyo iliyomwozesha mapafu. Mama alikuwa kidato cha tatu walipomzika.

Masomo yake yalikatikakatika, lakini alihitimu shahada ya kemia mwaka 1987 na kuajiriwa katika maabara ya chuo. Huko alitafuta, mpaka alipostaafu mwaka 2021, rangi ya kulinda chuma isiyomdhuru anayeipaka. Aliitengeneza kwa plastiki ya pekee, inayopitisha umeme, akaichanganya na maji badala ya kemikali kali. Kabla ya kuikubali, mamlaka ya maji ilidai ushahidi wa miaka kumi. Kazi yenyewe ilichosha: unapaka chuma, unakikwaruza makusudi, kisha unasubiri uone kama kutu itaingia penye jeraha.

Mwaka 1990 alifunga ndoa na baba yetu, fundi wa kuchomelea. Baadaye geti la nyumbani likageuzwa jaribio: likapakwa rangi yake hiyo, ambayo ilikuwa ya kijani, na kukwaruzwa kila mahali. Mwaka 2015, jaribio likiwa na miaka minane, wakwe watarajiwa wa dada yetu mkubwa walikuwa wanakuja. Baba akaona aibu, akalipaka geti rangi nyekundu ya dukani.

"Mama watoto, njoo uone linavyong'aa!"

Mama alikaa kizingitini, mkoba ungali begani.

"Baba watoto, umeipaka rangi miaka yangu minane."

"Si lilikuwa limechubuka kama paka wa jalalani?"

"Ndiyo. Na halikuwa na kutu."

Hakumgombeza. Alianza upya kwa vipande vya chuma juu ya paa la banda.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Aliposhindwa kupanda ngazi, baba alipanda badala yake, mama akimuuliza kutoka dirishani.

"Kuna kutu?"

"Bado."

"Usinidanganye kwa huruma."

"Ningetaka kukudanganya, ningepanda huku na magoti haya?"

Mama alifariki alfajiri ya tarehe 9 Juni 2024, jaribio likiwa limebakiza mwaka mmoja.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili na vile vyuma juu ya paa. Baba anawaomba waombolezaji, hasa wanaopenda kusaidia usafi, wasivifute wala kuvipaka chochote. Brashi zake mwenyewe amezifungia kabatini. Mama amesubiri vya kutosha. Yeye apumzike kwa amani. Huo mwaka uliobaki tutausubiri sisi.