Kuazima Mshipi wa Nyundo

Benchi yetu iko pale kona ya kushukia stendi ya basi, Machakos mjini, mgongo wake umeegemea ukuta wa duka la magodoro. Ahmad huja na birika lake la shaba na vikombe vidogo, sisi tunakuja na midomo. Jumamosi ile ya mwaka wa tisini na nane hakuna aliyekuwa na raha, na asinidanganye mtu eti yeye alikuwa nayo. Mwanzia, kijana wetu wa ngumi, alikuwa anarudi kutoka Denmark, na mji mzima ulikuwa umetoka kumpokea. Yule kinyozi wa pale mkabala, asiyejua hata kushika mkasi, alikuwa ameshapaka bango lake rangi upya: KINYOZI DENMARK. Kisa? Mwanzia alinyolewa kwake siku moja kabla ya kupanda ndege. Mimi Justus, ambaye benchi imenibatiza Wembe, nimemnyoa huyo Mwanzia tangu ana mapunye kichwani. Bango langu liko wapi?

Kando yangu alikaa Kaloki, tunayemwita Nyundo. Alikuwa bingwa wa ngumi wa Mkoa wa Mashariki miaka sita, na sasa ni mlinzi wa hilo duka la magodoro. Mwanzia alipigwa na yeye mara tatu katika ukumbi wa hapa hapa mjini. Mapajani alikuwa na mshipi wake wa ubingwa, umefungwa kwa gazeti. Kamati ya mapokezi ilikuwa imemwomba auazimishe ili Mwanzia avishwe juu ya pikapu, apigwe picha. Nyundo alikuwa ameuleta, lakini kuutoa ilikuwa bado. Wa mwisho kwenye benchi ni Maundu, fundi wa redio. Yeye tunamwita Redio, kwa sababu hakuna habari ambayo hakuisikia kwanza.

REDIO: Nyundo, toa hiyo mshipi. Kinyongo itakuharibia maini.

NYUNDO: Sina kinyongo. Yangu ni ngozi na bati. Yake ni dhahabu, kamati imesema imebaki nyuma na mizigo. Sasa mbona wanataka yangu?

MIMI: Wewe angalau uko na mshipi. Mimi sina hata bango.

REDIO: Wacha niwaambie. Bingwa bila ng'ambo ni chai bila majani. Ukipiga mtu hapa Machakos, nani anajua? Mamake. Ukipiga mtu Ulaya, inaandikwa. Ndio wahenga wakasema, fimbo ya mbali haiui nyoka.

AHMAD: Bwana Redio, hiyo methali yakukata mwenyewe. Fimbo ya mbali haifai kitu.

REDIO: Si ndio hiyo! Lazima uende huko mbali na fimbo yako!

Ahmad akamimina kahawa. Kwa Redio methali ni kama spea: ikikataa kuingia, anaigonga.

NYUNDO: Hata mimi nilienda nje. Nilipigana Arusha.

REDIO: Asi! Arusha nayo ni nje?

NYUNDO: Nilipigiwa muhuri mpakani Namanga.

REDIO: Ng'ambo ni lazima uvuke maji, ndugu yangu. Wewe ulivuka vumbi.

MIMI: Na mtu akivuka Tana aende apigane Embu?

NYUNDO: Hata hiyo nilifanya! Raundi ya pili nikamlaza.

REDIO: Tana ni maji ya kuoga.

AHMAD: Mngeniuliza mimi, Kiswahili ni cha nyumbani kwetu. Ng'ambo ni upande wa pili, basi. Ukivuka mto, uko ng'ambo. Ukivuka hii barabara, uko ng'ambo.

MIMI: Kumbe! Ndiyo maana yule kinyozi anaheshimiwa!

Wakacheka. Nyundo hakucheka.

NYUNDO: Nimempiga huyo kijana mara tatu. Siku ya mwisho watu walibeba viti juu juu kwa furaha. Halafu wakaenda zao. Nilirudi nyumbani kwa miguu, jirani akaniuliza kama nimepitia kwa posho mill kusaga mahindi. Hakuna pikapu. Hakuna tarumbeta. Leo mtoto ameenda siku kidogo tu, na mji mzima unamngojea. Inaniuma, nisiwafiche. Inaniuma hapa.

REDIO: Ni kwa sababu ngumi ya hapa ni ya joto. Haikai. Ngumi ya Ulaya imepigwa kwa baridi, inadumu kama nyama ya friji.

MIMI: Uongo!

REDIO: Uliza fundi wa friji. Na ile koti yake mliona kwa gazeti, imefika magoti? Hiyo inachajiwa na stima. Akilala, inachomekwa kwa ukuta.

NYUNDO: Mimi nikipewa koti kama hiyo, napiga hata trela.

REDIO: Halafu wale hawaingii ulingoni hivi hivi. Mkono mtupu haulambwi, ndio maana wanavaa glavu.

AHMAD: Subhanallah.

REDIO: Cheka tu. Mshipi yake, rubani alikataa kubeba. Alisema ndege italala upande. Inakuja na meli.

NYUNDO: Na meli?

REDIO: Meli na askari.

Nyundo akauma mdomo. Alikuwa ameamini yote, maskini. Mtu mwenye wivu huamini makubwa ya mwenzake kuliko mwenyewe mwenye makubwa. Nami nisijitoe, hiyo meli nilishaiona ikitia nanga.

Hapo akaja Bartholomew, karani wa kamati, tai shingoni, utepe mwekundu kifuani.

BARTHOLOMEW: Bwana Kaloki, magari yamefika Kyumbi. Lete mshipi tuupanguse.

NYUNDO: Na mimi nitakaa wapi?

BARTHOLOMEW: Wapi, kivipi?

NYUNDO: Kwa pikapu.

BARTHOLOMEW: Pikapu imejaa. Kuna kamati, kuna diwani, kuna kwaya. Wewe simama hapa hapa, utaona vizuri sana.

NYUNDO: Mshipi yangu ipande gari, mimi nibaki na magodoro?

BARTHOLOMEW: Ni heshima, bwana. Kijana amefika ng'ambo.

Nyundo aliinama akaanza kufungua gazeti, pole pole. Nikajua ameshindwa, na nikamkasirikia kwa kushindwa.

Kumbe kando ya benchi alikuwa amesimama mama mmoja, leso kichwani, viatu vya kanisani mkononi. Akasema anaitwa Nzembi, ametoka Katangi, na Mwanzia ni mtoto wa dadake. Ahmad akamkaribisha kikombe.

NZEMBI: Asante, mwanangu. Nimeona nije nimpokee. Sasa niambieni, alishinda?

Redio akafungua mdomo. Karani akamwahi.

BARTHOLOMEW: Mama, alienda Denmark.

NZEMBI: Hiyo nimesikia. Nimeuliza, alishinda?

BARTHOLOMEW: Ni ng'ambo, mama. Ulaya kabisa.

NZEMBI: Ehe. Na huko Ulaya, walipopigana, alishinda ama alipigwa?

Bartholomew akamtazama Redio. Redio akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Ahmad, naye akachungulia ndani ya birika lake. Wiki nzima mji ulikuwa umeshona bendera na kufundisha kwaya, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameuliza.

Honi zikaanza kusikika kule chini.

BARTHOLOMEW: Bwana Kaloki, tafadhali. Mshipi.

NYUNDO: Ngoja.

Akasimama, akatupa gazeti, akajizungushia mshipi mwenyewe juu ya koti la ulinzi. Haukufika. Miaka ya kukaa mlangoni mwa duka ilikuwa imeongeza tumbo. Akavuta pumzi, akajaribu tena, shingo ikavimba, na bado ncha hazikukutana. Watu wakaanza kugeuka. Bartholomew akanyoosha mkono kuuchukua, na Nyundo akamtazama mara moja tu. Mkono ukarudi.

NYUNDO: Wembe, njoo huku nyuma. Shika.

Nikaenda nyuma yake, nikashika ncha zote mbili, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Pikapu ya kwanza ikakata kona, Mwanzia amesimama juu, koti mpaka magoti katika jua lile. Macho yake yakatua kwenye kona yetu, na mkono aliokuwa akipunga ukasimama hewani.

NYUNDO: Usiachilie.

MIMI: Sijaachilia.

NYUNDO: Vuta, Wembe. Vuta mpaka apite.